Gari Liliazimwa Pamoja na Maelezo Yake

Zamani zile Tanga, mtu akikuazima gari hakukupa ufunguo peke yake. Alikukalisha kwanza, akaagiza kahawa, ndipo akaanza kukupa maelezo. "Taa ukiziwasha, vuta kitufe mpaka mwisho, halafu kirudishe kiasi cha ukucha, hapo ndipo zinapokamata. Indiketa ya kushoto haizimiki yenyewe, usiisahau. Stata ikikataa usiikasirikie, zungusha tena taratibu. Na honi, tafadhali, usiiguse ukiwa karibu na hospitali, maana ikianza kulia hainyamazi." Ukishayasikia yote na kuyarudia mbele yake bila kukosea, ndipo ulipoambiwa nenda salama.

Wewe uliyekulia kwenye magari yanayowaka kwa kubonyeza kitufe kimoja utaona hayo yalikuwa mateso. Hebu vuta kiti, chai bado ina moto. Nataka kukusimulia habari za swichi za magari yale, kwa sababu waliokuwa wakizijua wanapungua, na mimi nilizijua tangu mdogo.

Mjomba wangu alikuwa fundi umeme wa magari. Gereji yake ilikuwa Ngamiani, uani kwa watu, chini ya mwarobaini uliokuwa ukidondosha maua yake madogo meupe juu ya boneti za wateja. Hapakuwa na kibao. Wenye magari walipajua, na asiyepajua alielekezwa afuate harufu. Na kweli palikuwa na harufu yake: maji makali ya betri, mafuta ya taa ya kuoshea vyuma, risasi ya kulehemu ikiyeyuka, na juu ya zote harufu ya bakelaiti iliyoungua. Bakelaiti ni ile plastiki ngumu ya kahawia au nyeusi waliyotengenezea swichi zamani. Ikipata joto inatoa harufu kali, inayokaribia ya samaki, na ukishaijua huisahau maisha. Mchana muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, mafundi wakaacha koleo, na kwa muda mfupi harufu ya tangawizi na kashata ikazishinda nyingine zote.

Mjomba hakufungua swichi mezani hata siku moja. Alikaa kwenye kigoda, akatandaza mapajani kanga kuukuu ya mkaza mjomba, maandishi yake yameshafifia, kisha akaiweka swichi katikati. Sababu utaielewa ukijua kilichomo ndani. Chini ya kile kitufe unachovuta kuna springi, na juu ya springi kuna kigololi cha chuma kidogo sana. Kigololi hicho ndicho kinachoingia kwenye vishimo na kuifanya swichi ikae mahali ulipoiweka. Ndicho kinachotoa ule mlio wa "tak" tulioupenda. Ukiinua kifuniko bila adabu springi inafyatuka, kigololi kinaruka, na kwenye ua wenye mchanga na kuku umeshakipoteza. Kuku wa nyumba ile nadhani walimeza vigololi vingi.

Kwa bisibisi nyembamba alikunja vimasikio vya bati vilivyoshika kifuniko, kimoja baada ya kingine, asivivunje, kwa kuwa vingehitajika tena. Ndani ulikuta vipande vya shaba vinavyogusana swichi ikiwashwa. Upande mmoja vimepiga weusi wa cheche, upande mwingine vimeota kutu ya kijani. "Huu mweusi ni wa kazi," aliniambia, "na huu wa kijani ni wa bahari." Tanga hewa ina chumvi, na chumvi haibishi hodi. Gari lililolala Raskazone karibu na maji liliumwa mapema kuliko lililolala Korogwe, hata kama yalitoka kiwandani siku moja.

Alisugua shaba kwa msasa laini uleule wa kusafishia platini, akaosha kwa mafuta ya taa, akapuliza, akakunja shaba iliyolegea ili ibane tena, akapaka mafuta ya mgando kidogo mno kwa ncha ya kidole. Akishafunga, aliipeleka swichi sikioni na kuiwasha na kuizima mara kadhaa, macho ameyafumba. Kwa mlio alijua kama springi imekaa. Mimi nilipewa niisikilize pia, na ole wangu nikisema nimesikia kabla sijasikia.

Niruhusu nikueleze kwa nini swichi ndizo zilizokuwa zikiumwa sana. Katika magari mengi ya enzi ile taa hazikuwa na rilei, yaani swichi ya sumaku inayobeba umeme mzito kwa niaba ya ile ya dashibodi. Umeme wote wa taa kubwa ulitoka kwenye betri, ukapita ndani ya kile kidude kidogo kwenye dashibodi, ndipo ukaenda mbele. Taa mbili za wati 60 kila moja, kwenye betri ya volti 12, zinavuta ampea 10. Shaba ikiwa safi zinapita bila neno. Ikishika kutu, inakuwa kama msikiti siku ya Ijumaa watu wanatoka na mlango mmoja umefungwa: watatoka, lakini kwa kusukumana na kutokwa jasho. Volti moja tu ikipotelea hapo, wati 10 zimegeuka joto ndani ya kitu kinachoenea kiganjani. Joto linailegeza springi, springi iliyolegea haibani vizuri, na kutobana kunazidisha joto. Huku nyuma taa nazo zinafifia kuliko unavyotarajia, maana volti zikipungua kwa sehemu moja ya kumi, mwanga hupungua kwa karibu theluthi. Dereva analalamika kwamba macho yake yamezeeka, kumbe ni swichi.

Ndiyo maana Mjomba hakutosheka na taa ya kupimia. Ile taa, balbu ya breki iliyolehemiwa nyaya mbili, inakuambia umeme upo au haupo. Haikuambii kama umeme unapita kwa raha. Yeye aliwasha taa za gari, akasubiri kidogo, kisha akapitisha vidole nyuma ya dashibodi, waya kwa waya, mpaka alipofika penye joto. Hapo alisimama. "Pana moto hapa," alisema, na kazi ilianzia hapo.

Pua yake ndiyo iliyotuokoa mara nyingi barabarani. Alikuwa na Peugeot 404 ya zamani, rangi ya maziwa, aina ileile iliyoshinda mbio za Safari 1963 na tena miaka mitatu mfululizo, 1966 mpaka 1968. Swichi ya taa ilikuwa kwenye kijiti kando ya usukani, nayo ilikwishafanya kazi miaka mingi kabla ya kufika kwake. Tukisafiri usiku kwenda Segera, kila tulipokaribia Muheza alisimama kununua machungwa. Wachuuzi walikuwa na vibatari vyao kando ya barabara, machungwa yamepangwa mafungumafungu, na harufu ya maganda imejaa hewani. Mjomba alichagua, akajadili bei, akauliza hali za watu na watoto wao, akamenya moja akala amesimama. Taa za gari zimezimwa muda wote huo. Sisi watoto tuliamini hakuna mtu duniani anayependa machungwa kumshinda Mjomba. Nilikuwa nimeshaota ndevu aliponiambia kwamba alikuwa akinusa kijiti kinaanza kupata joto, naye hakutaka mkaza mjomba aingiwe na hofu. Machungwa yalikuwa muda wa kuipoza swichi. Nyumbani tuliyala wiki nzima.

Kila aina ya gari ilikuwa na ugonjwa wake, na fundi mzuri aliujua kabla mgonjwa hajafika. Morris Minor za kwanzakwanza, kabla hazijapewa taa za kumweta, zilionyesha kona kwa mikono: kijiti chenye taa ya rangi ya chungwa kiliinuka ubavuni, katikati ya mlango na mlango. Kiliinuliwa na koili ndogo ya sumaku, swichi ikiwa juu ya dashibodi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa na gari la namna hiyo. Vumbi na chumvi vilikuwa vimeushika mkono wa kushoto, basi kazi ya abiria aliyekaa mbele ilikuwa kupiga ngumi moja kwenye nguzo ya mlango kila Mwalimu alipowasha. "Piga!" alisema, nawe ukapiga, mkono ukainuka. Wanafunzi tuligombea kiti kile. Mpaka leo wapo wazee wenzangu wanaojivunia kwamba waliwahi kumpigia Mwalimu indiketa.

Katika magari hayohayo ya Kiingereza chanya ya betri ilifungwa kwenye bodi, kinyume na ilivyo sasa. Morris Minor zilibaki hivyo mpaka mwisho wa kutengenezwa kwake, na Land Rover mpaka miaka ya sitini kwenda mwishoni. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya gereji ilikuwa kutazama betri kabla ya kugusa waya. Kijana aliyefunga redio bila kutazama aliusikia wimbo mmoja tu, tena haukuisha.

Land Rover zenyewe, zile za serikali zenye namba za ST na zile za mashamba ya mkonge, swichi ya kupunguza taa ilikuwa sakafuni, karibu na klachi. Uliibonyeza kwa mguu wa kushoto: bonyezo moja fulu, bonyezo jingine dimu. Ni mahali pazuri kwa dereva aliyeshika usukani mzito kwa mikono miwili. Ila sakafuni ndiko linakofikia tope la Pangani, mchanga wa ufukweni, maji ya mto uliovukwa, na makombo ya mihogo. Swichi ikijaa mchanga inakwama katikati, si fulu si dimu, na hapo huna taa kubwa hata moja. Madereva wa mkonge walikuwa na dawa yao. Waliipiga teke mara mbili haraka, kisigino kisha kidole, bila kutazama chini. Ukiwa umekaa pembeni usiku ulisikia "tak-tak" gizani, mwanga ukarudi, na dereva akaendelea na hadithi yake palepale alipoiachia.

Na Volkswagen! Waya wa honi wa gari lile hupita ndani ya mhimili wa usukani. Ngozi ya waya ikichubuka na kugusa chuma, honi inajilia yenyewe usukani ukifika pembe fulani. Gari la mzee mmoja mtaani kwetu lililia kila lilipokata kona ya kushoto, na siku moja lilikuwa katika msafara wa maziko. Njia ya makaburini, usiombe, ilikuwa na kona za kushoto tupu. Watu waliinamisha vichwa, wakauma midomo. Mwishowe kaka wa marehemu, aliyekuwa amelia tangu asubuhi, akasema kwa sauti ya upole, "Mwacheni. Marehemu hakuwahi kupita mtaa bila kuuaga." Waombolezaji walicheka huku machozi yanawatoka, na nasikia mjane aliposimuliwa alicheka naye. Jioni ileile Mjomba aliufunga waya utepe mpya, hakuchukua hela.

Waingereza wenyewe wana utani wao wa zamani juu ya Joseph Lucas wa Birmingham, ambaye kampuni yake ilitengeneza vifaa vya umeme vya magari mengi ya kwao: wanamwita Mwanamfalme wa Giza. Mjomba hakuupenda utani huo. Alikuwa amefungua swichi nyingi zenye jina hilo, na alisema kitu kinachofungulika, kikasafishika, na kikafanya kazi miaka mingine mingi kwenye hewa ya chumvi hakistahili kutukanwa. Mimi nakubaliana naye.

Kisha ikaja miaka ya shida. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikuwa adimu, spea zikatoweka madukani. Ulimkuta mwenye duka ameketi mbele ya rafu tupu, kitabu chake cha orodha kimefunguliwa, anakuonyesha picha ya swichi unayoitaka. Petroli nayo ilikuwa ya kuhesabu, na kuendesha gari Jumapili baada ya saa nane mchana kulikatazwa. Basi Jumapili ikawa siku ya swichi. Wenye magari walifika gerejini kabla ya muda, wakaegesha chini ya mwarobaini, saa nane ikapita, na hapo hakuna aliyekuwa na haraka tena. Walikaa kwenye magogo wakicheza bao, huku Mjomba amekaa na kanga yake mapajani. Jioni kila mmoja alirudi kwake kwa miguu, na Jumatatu alfajiri walifuata magari yao.

Siku hizo niliona ufundi ambao sidhani nitauona tena. Shaba ya kuziba pengo ilikatwa kwenye dinamo iliyokufa. Kitufe cha kengele ya mlangoni kilifungwa kwenye dashibodi kuwashia stata, kwa yale magari ambayo kitufe kinaamsha sumaku tu na hakibebi umeme mzito wenyewe. Na kuna teksi moja iliyofungwa swichi za ukutani, zile nyeupe za nyumbani. Zilikuwa zimeandikwa ampea 5, na Mjomba hakuwa mtu wa kupuuza maandishi, basi alifunga mbili: moja ya taa ya kulia, nyingine ya kushoto. Abiria walipanda usiku wakamwona dereva anawasha swichi ya sebuleni, tak, kisha ya chumbani, tak, ndipo gari likaondoka. Walimzoea hata wakawa wanamwuliza amezima ya jikoni.

Biashara ilipoanza kufunguliwa 1984, vitu vikarudi kidogokidogo. Miaka ya tisini magari yaliyotumika Japani yakafurika bandari ya Dar es Salaam, nayo yalikuja na rilei kwenye taa, soketi za plastiki, na swichi zilizokusanywa pamoja kando ya usukani. Mjomba aliifungua ya kwanza iliyomfikia, akaitazama muda mrefu, akasema, "Hawa watu wana akili. Swichi haichoki, inaagiza tu." Alikuwa anasifu kwa moyo wake wote, na wakati huohuo alikuwa anaona kazi yake inapungua. Sasa hata hiyo imepitwa. Katika magari mapya swichi inapeleka ujumbe kwa kompyuta, kompyuta ndiyo inayoamua taa iwake. Fundi anachomeka mashine yake, anasoma tatizo kwenye kioo, anaagiza kifaa kizima. Kilichoharibika hakifunguliki, kimegundishwa kiwandani. Hakuna anayehitaji kanga mapajani.

Sisemi turudi kule. Nimesafiri usiku na taa zilizokuwa zikizimika, na ninawafahamu watu ambao hawakufika kwa sababu hiyo. Dereva wa leo anayeshuka Segera saa saba ya usiku anaona mbali, na mama yake analala. Hilo ni jambo jema na lingekuja tu, tungetaka tusingetaka. Lakini kuna kitu kiliondoka nalo, nami nakihuzunikia waziwazi. Zamani tulijuana kwa magari yetu. Nilijua swichi ya Mwalimu inahitaji ngumi, nilijua Volkswagen ya mzee haitaki kona ya kushoto, nilijua kwa nini Mjomba ananunua machungwa. Kuijua kasoro ya chombo cha mwenzako kulikuwa sehemu ya kumjua mwenyewe, na kumvumilia. Siku hizi gari la mtu unaliendesha na kulirudisha bila kujifunza chochote juu yake wala juu ya mwenyewe.

Mjomba alishatangulia mbele ya haki, na mwarobaini ulikatwa kupisha fremu za maduka. Ila mpwa wangu mmoja amenunua Morris Minor iliyokuwa imelala miaka mingi kwenye banda la kuku, anaifufua. Juzi alinipigia simu kwamba taa zinafifia, anataka kuagiza swichi mpya kutoka Uingereza, ambako bado zinauzwa kwa wapenzi wa magari hayo. Nilimwambia asubiri. Afunge rilei, ndiyo, ili swichi isibebe tena mzigo wote. Mjomba angelikuwa wa kwanza kukubali. Lakini ile ya zamani asiitupe. Aikalie kitako, atandaze kitambaa, akunje vile vimasikio bila kuvivunja, asafishe shaba mpaka ing'ae, apake mafuta kidogo, airudishe mahali pake. Ilitengenezwa ili ifunguliwe, na bado ina miaka mingi ya kazi ndani yake.